Wiki Hii Hakuna

Maseru, 3 Mei 2020

Kwa Baba,

Amani kwako na kwa Mama, na kwa shangazi 'Malineo, ambaye najua atataka kusomewa barua hii hata kama haimhusu. Mimi sijambo, ila shule zimefungwa, na mwalimu wa hesabu asiye na wanafunzi hana pa kupeleka mdomo wake. Atakayekufikishia barua hii ni yule mzee wa lori la unga, Ntate Phoofolo, maana magari mengine yamezuiwa, na mtandao wa huko hadi mtu apande kilima cha nyuma ya kanisa.

Baba, umewasikia redioni? Wanajisifu kwamba nchi nzima haina hata mgonjwa mmoja. Tumezungukwa na jirani mmoja pande zote, ng'ambo ya mpaka watu wanazikwa kila siku, halafu sisi eti tuna sifuri! Hata mashine ya kupimia hatuna. Mtu akipimwa, sampuli inavushwa mpaka, na majibu hurudi mwenyewe kashapona au kashazikwa. Usipohesabu utapataje idadi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tutaumbuka mchana kweupe.

Nimefungua ukurasa kwenye simu, nauita Hesabu ya Maradhi. Wagonjwa wanaweza kunificha, lakini maiti lazima izikwe, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Hakuna kaburi linalochimbwa hapo kijijini Ha Ralikhomo bila karatasi yako yenye muhuri wa chifu. Wewe una takwimu ambazo wakubwa wa mjini hawana. Naomba kila lori likishuka uniandikie: wiki hii wamezikwa wangapi, na umri wao. Nimewaomba waandishi wa machifu wa vijiji kumi na moja, lakini wewe ndiye ninayemwamini kuliko wote.

Binti yako,
Limakatso

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 17 Mei 2020

Kwa Limakatso, binti yangu,

Barua yako na unga vimefika salama vyote viwili, maana Phoofolo alitaka kuondoka na barua bila kuishusha. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua, si jambo jipya. Shangazi yako amenuna tangu pombe ipigwe marufuku. Ameishusha mlangoni bendera yake nyeupe ya kutangaza pombe, na kila anayepita anaulizwa kama ugonjwa huu unapitia kwenye kopo la pombe ya mtama au vipi.

Mwanangu, nimekuwa mwandishi wa chifu miaka kumi na tisa, na wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza daftari langu linasema nini. Usiku ule ule nililisoma lote. Mei ya mwaka jana tulizika wawili. Mei hii mmoja, Ntate Kotelo, miaka tisini na moja, aliyekufa kwa uzee na ubishi.

Njia ya kuingilia tumeifunga kwa mawe. Wanaume wawili wawili wanalinda kwa zamu, na mgeni hapiti mpaka aonyeshe karatasi kwamba amemaliza siku kumi na nne za karantini. Hata mkwe wa chifu alirudishwa, akatutukana hadi akaishiwa maneno. Shangazi yako anasema uwaambie hao wakubwa kwamba kama hawajui kuhesabu waje awafundishe.

Baba yako,
Seabata Tsekoa, mwandishi

&nbsp;

Maseru, 11 Oktoba 2020

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na Mama magoti yametulia kwa kuwa baridi imekwisha. Mimi mzima, nimekonda kidogo, usimwambie.

Ukurasa wetu unasomwa, Baba. Nasema wetu kwa sababu bila nyinyi waandishi ningekuwa nabwabwaja tu. Kuna kundi la kujitolea, Madaktari wa Njiani, limeniandikia. Wana wauguzi wachache na mitungi michache ya oksijeni, hawajui waipeleke wapi kwa kuwa hesabu za wakubwa hawaziamini. Sasa kila Jumamosi wanaangalia hesabu yangu kwanza. Nimewaambia kuhusu mawe yenu njiani. Ha Ralikhomo ndio mfano wangu, kila ninapotaka kuonyesha kwamba kijiji kikijilinda mapema kinapona.

Nina wasiwasi na kaka Motlalepula. Nasikia mgodi wao huko ng'ambo umepunguza watu na wamebanana kwenye mabweni. Akitaka kurudi apite mpakani kihalali, akae karantini siku zake zote, ndipo apande kwenu. Mwambie si mimi ninayemkataa, ni hesabu.

Binti yako,
Limakatso

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 3 Januari 2021

Kwa Limakatso,

Salamu za mwaka mpya. Sisi hatujambo. Motlalepula alifika mapema mwezi uliopita, hajambo, amechoka tu. Mama yako amefurahi kumwona.

Hesabu uliyoomba: tarehe kumi na mbili Desemba tulimzika Ntate Letuka, miaka hamsini na minne, alipigwa teke na farasi. Watu walikuwa wengi. Baada ya hapo hakuna. Wiki iliyopita hakuna, na wiki hii hakuna.

Lori linaondoka, naishia hapa.

Baba yako

&nbsp;

Maseru, 17 Januari 2021

Baba yangu,

Amani kwenu nyote. Huku mjini ni msiba juu ya msiba. Waliorudi Krismasi wamerudi na ugonjwa, na katika mtaa huu sikumbuki siku tatu zilizopita bila hema la matanga. Sijambo, lakini natembea kama mtu anayechungulia.

Ulinisikia Ijumaa? Walinialika redioni, Baba! Mtangazaji aliniuliza kama kuna mahali popote nchini wimbi hili halijafika. Nikasema nina kijiji kimoja milimani kilichojifunga kwa mawe, na kwa wiki tano hakijazika mtu hata mmoja kwa ugonjwa. Nilikitaja jina. Niliwauliza wakubwa kwa nini hawakufanya walichofanya Basotho wenzao wa Ha Ralikhomo kwa mikono yao mitupu. Simu hazijaacha kulia tangu hapo.

Jana Madaktari wa Njiani waliamua. Walikuwa na mitungi sita na wauguzi wawili, na zahanati mbili zinazowataka: ile yenu ya bondeni na moja ya huku tambarare. Waliniuliza. Nikawaambia wasipande mlima bure, wawahi penye makaburi. Wameondoka leo asubuhi kwenda tambarare.

Msalimie shangazi. Mwambie asininunie.

Binti yako anayejivunia,
Limakatso

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 24 Januari 2021

Limakatso mwanangu,

Nakujulia hali. Redio tuliisikia. Wiki hii hakuna.

Shangazi yako ana kikohozi, nadhani ni vumbi la kupura. Nataka kukuuliza, hiyo mitungi ikishapelekwa mahali, inaweza kurudishwa?

Baba yako

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 4 Februari 2021

Kwa Limakatso,

Safari hii sikuulizi hali, maana sina uso wa kukuuliza. Keti kwanza.

Shangazi yako 'Malineo amefariki. Alikufa Jumatano iliyopita, tarehe ishirini na saba, tukamzika kesho yake, watu kumi tu. Siku nne alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, mabega yanapanda na kushuka. Muuguzi wa zahanati alimpa alichokuwa nacho, akasema kinachotakiwa ni oksijeni na yeye hana. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza, na mimi na wewe tunajua hana kwa sababu gani.

Nilikudanganya. Kaka yako hakupita mpakani. Alivuka mto Mohokare kwa miguu na wenzake watatu, maji kiunoni, akafika akiwa na homa tayari. Wanaume wa zamu wangemrudisha. Nikaandika karatasi kwamba amemaliza siku kumi na nne, nikaipiga muhuri wa chifu, nikawapelekea mwenyewe. Waliisoma, wakanipisha kwa heshima.

Siku mbili baadaye tukamzika Ntate Letuka. Nilimwambia Motlalepula abaki ndani. Akasema watu watauliza mtoto wa mwandishi yuko wapi, wenzake wanafukia kaburi. Nikatoka naye. Unajua tunavyofukia: koleo halilazwi chini, linatoka mkono hadi mkono mpaka udongo uishe. Kisha tukanawa sote kwenye beseni moja la maji ya mshubiri, tukakaa kuzunguka sinia za nyama, mabega yamegusana. Kaka yako alikuwa katikati yetu anakohoa kwenye blanketi lake. Nilikuwa namwangalia yeye tu.

Kufikia Mwaka Mpya tulikuwa tumezika wawili. Leo ni wanane. Karatasi za mazishi niliwapa wafiwa kama kawaida, lakini katika daftari sikuingiza jina, na kwako nikaandika hakuna. Wasomaji wako wanajua kuhesabu siku kurudi nyuma. Nilijua watarudi nyuma hadi kwenye yale mazishi, na kutoka pale hadi mlangoni kwangu.

Ile Ijumaa tulikuwa tumekaa kwa chifu kusikiliza redio, tumefurahi kwamba mtoto wetu atazungumza. Mjane wa Ntate Sekake alikuwepo, siku tatu tangu amzike mumewe. Akasikia sauti yako ikisema Ha Ralikhomo hajafa mtu. Alinitazama. Kisha akajifunga blanketi lake vizuri akatoka bila kuaga. Mwanangu, nimezeeka lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

Sasa nakuomba kama mzazi wako: nimekuambia wewe, usiwaambie wengine. Watamfunga kaka yako. Mimi nivunjie heshima peke yako, huko huko moyoni mwako.

Baba yako

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 21 Februari 2021

Kwa Limakatso,

Phoofolo anaapa kwamba alikupa barua mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umeegemea tairi la lori lake, ukaondoka bila kumuaga. Lori limepanda mara mbili bila neno lako. Najua nilichokuomba na najua hakiombwi.

Nalifuta lile ombi. Jana chifu aliitisha baraza, nikasimama na kaka yako kando yangu, barakoa usoni. Nikasema yote, kuhusu mto, muhuri, na hesabu niliyokutumia. Nilitegemea mawe. Hakuna aliyeokota. Mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza, yule mjane. Aliuliza: "Mume wangu ulimwandika wapi?" Nikamrudishia chifu muhuri, akaukataa. Akasema nimalizie kwanza kazi niliyoiacha katikati, na baada ya hapo ataamua cha kunifanya.

Motlalepula amekwenda mwenyewe kituo cha polisi cha bondeni. Mama yako hasemi na mimi. Ananiwekea chakula, anaondoka.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Baba yako

&nbsp;

Maseru, 2 Machi 2021

Baba,

Nimesoma barua zote mbili. Nilipoisoma ya kwanza nilitafuta hasira ili nikujibu nayo, nikaikosa. Siku ishirini na tano nimeshindwa kuandika kwa sababu ninacho cha kwangu, na wewe umesema chako kabla yangu.

Shangazi alinipigia simu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Januari, siku moja kabla ya redio. Alipanda kile kilima cha nyuma ya kanisa na simu ya kuazima. Alikuwa anahema, nikamtania kwamba pombe imemwishia miguuni. Akasema: "Limakatso, kuna makaburi mapya matano huku. Baba yako anakuambia mangapi?"

Nikamwambia Baba anasema hakuna. Akasema basi njoo uhesabu mwenyewe.

Baba, sikumuuliza ni makaburi ya akina nani. Swali moja tu. Nilikuwa na mchoro wangu wa hesabu za vifo mezani, na kesho yake nilitakiwa kuuzungumzia mbele ya nchi nzima, na mchoro ule ulipendeza kwa sababu ya mstari mmoja uliokwenda chini kabisa, wa Ha Ralikhomo. Nikamwambia: "Shangazi, wewe unachanganya na ya mwaka jana. Mwenye daftari ni Baba." Nikamwambia na hili pia, nalisema ujue: kwamba hesabu za macho si takwimu. Alicheka, akakohoa, akasema labda. Nikamwahidi kumpigia baada ya redio. Sikumpigia.

Mwaka mzima nimewasema wakubwa kwamba wameipenda sifuri yao mpaka hawataki kuikagua. Nyani haoni kundule. Ile yangu niliipenda zaidi, na mimi nilipigiwa simu kuambiwa. Wewe ulimficha mtoto wako, Baba. Mimi nilificha nini? Nilificha mchoro. Naona aibu kupita mbele ya kioo.

Jumapili niliwaeleza Madaktari wa Njiani. Hawakunigombeza, walisema tu kwamba kuanzia sasa watatafuta njia nyingine ya kujua. Wauguzi wao wawili wanapanda kwenu wiki hii na mitungi mitatu. Nami nitaandika kwenye ukurasa yote, simu ile nikiiweka mwanzo kabisa, halafu nitaufunga. Lakini sitaki kuufunga kwa namba. Nitumie majina ya wote wanane, kwa mwandiko wako, kama ungeyaandika siku zile zile.

Ni mimi,
Limakatso

&nbsp;

Ha Ralikhomo, 9 Machi 2021

Limakatso mwanangu,

Amani kwako. Wauguzi wamefika, wamelala kanisani. Wagonjwa watatu wako kwenye mitungi na mmoja ameshaanza kuomba uji. Kaka yako wamemwachia arudi nyumbani akisubiri kesi. Mama yako leo ameniuliza kama nimekula.

Kuhusu shangazi yako, usibebe peke yako, maana habari hiyo ina nusu usiyoijua. Aliposhuka kutoka kilimani siku ile hakwenda kwake, alikuja kwangu moja kwa moja. Akaniambia mtoto kasema hesabu zake yeye 'Malineo ni mbovu, hebu nimwonyeshe daftari. Nikamfungulia. Baada ya Ntate Letuka ukurasa ulikuwa mtupu. Kusoma hakujua sana, lakini mahali palipoandikwa na pasipoandikwa alipajua. Akapitisha kidole chini hadi mwisho wa ukurasa. Mimi, kaka yake, mtoto wa mama mmoja, nikamwambia: "Limakatso amesema kweli. Umezeeka, 'Malineo." Akasema kumbe. Jioni ile kondoo walipokuwa wanaingia zizini alimwita mama yako awahesabu yeye. Alikuwa amewahesabu miaka arobaini.

Haya, majina. Nimeyaingiza kwenye daftari na kuyapiga muhuri mbele ya chifu na mbele ya wafiwa, mlango kwa mlango. Tarehe ishirini na nane Desemba, Ntate Tankiso Mphutlane, miaka sabini na tatu. Tarehe thelathini na moja, mkewe, 'Mateboho, sabini. Januari tarehe saba, Ntate Moeketsi Rapitso, arobaini na tisa, aliyepokea koleo kutoka kwa kaka yako. Tarehe kumi, mama yake Moeketsi, 'Mamoeketsi, themanini na mbili. Tarehe kumi na mbili, Ntate Sekake Nthunya, sitini na sita. Mkewe alitaka niandike pia kwamba alikuwa fundi wa kuezeka, nimeandika. Tarehe kumi na tisa, Nthofela Mphutlane, thelathini na nane, ameacha watoto wawili. Tarehe ishirini na mbili, Ntate Lebusa, mlinzi wa mawe aliyeisoma ile karatasi yangu, hamsini na mmoja.

Wa nane alizikwa tarehe ishirini na nane Januari. Ni 'Malineo Tsekoa, mpika pombe, dada yangu, miaka sitini na tisa. Siku aliyokupigia makaburi yalikuwa matano. Alihesabu sawasawa. Andika na hilo.

Baba yako,
Seabata